Kuku wa Darasa la Nne

Watoto wa Huay Som walinijua kabla sijamfundisha hata mmoja wao. Walijua kwamba nikikasirika navua miwani, kwamba sipendi mtu anijibu huku anatazama sakafu, na kwamba nikisema "haya, tuone" basi kuna mtu ataumbuka. Nilishangaa sana. Kijiji chao kiko juu mlimani, ukitoka alfajiri unafika jua likiwa utosini, na huko sikuwa nimewahi kukanyaga. Siku moja nikamshika mmoja wao mkono nikamuuliza, "We, nani kakwambia mimi nitavua miwani?"

"Dada Mwalimu," akasema. "Huwa anakuigiza."

Dada Mwalimu ndiye Chanhom, na habari hii ni yake. Mimi nimo ndani kwa sababu ya miwani tu.

Shule ya Huay Som ni chumba kimoja chenye madarasa matatu. La kwanza linakaa upande wa mlango, la pili katikati, la tatu dirishani. Baada ya hapo hakuna kitu. Anayetaka darasa la nne na la tano ateremke kwetu Na Lom, bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Avuke kijito, alale kwenye kibanda cha mianzi ambacho wazazi wanajenga nyuma ya shule yetu, apike mwenyewe, afue mwenyewe, na Ijumaa apande mlima kurudi kwao akafuate mchele. Tunasema hivyo kama jambo dogo, lakini huyo tunayemsema ni mtoto wa miaka tisa au kumi. Tena kwao wanazungumza Kikhmu. Kilao chetu wanakijua cha ubaoni tu, kile cha "huyu ni nyati, yule ni bata", na kwa maneno hayo huwezi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mwalimu wa darasa la nne Na Lom ni mimi, Thongvan. Ni Mlao wa bondeni, mdomo wangu mkali, na sijui kunyamaza. Hayo nayasema mwenyewe kabla watu wa Huay Som hawajakusimulia.

Chanhom ni mzaliwa wa huko juu. Mama yake alipofariki, shangazi yake aliyeolewa Na Lom alimchukua aje kumlelea watoto. Shangazi yule alikuwa mtu mwema, akamwacha asome asubuhi na kubeba watoto mchana. Msichana akasoma mpaka akafika chuo cha ualimu mkoani, na hakuna msichana mwingine wa Huay Som aliyepata kufanya hivyo. Akamaliza, akarudi kwao kufundisha kwa kujitolea huku akisubiri serikali imwajiri. Kila mwaka anaambiwa mwakani. Anaishi kwa shamba lake la mlimani, kuku wake, na mchele ambao wazazi humpimia wakivuna vizuri. Wasipovuna vizuri, hawampimii, naye haulizi.

Alikuwa na namna yake ya kumaliza mwaka. Kwetu mwaka wa shule unaisha mvua za kwanza zinapoanza, na sisi wengine siku hizo tunasahihisha mitihani na kuhesabu madawati yaliyovunjika. Yeye ndipo kazi yake ilipoanza. Alikuwa akisema mtoto haogopi kazi ngumu, anaogopa mahali asipopajua. Kwa hiyo watoto wa darasa la kwanza aliwahamishia kwenye mabenchi ya la pili siku moja kila wiki, waonje. Na kila mtoto wa darasa la pili alitakiwa kumkabidhi benchi lake yule atakayemfuata, kwa maneno yake mwenyewe: msumari uko hapa, utakuchania sketi, mvua ikinyesha vuta daftari huku, paa linavuja. Alinisimulia alivyomsikia kijana mmoja mdogo akimwambia mwenzake kwa uzito wa mwenyekiti wa kijiji, "Na huyu atakayekaa kulia kwako anajamba. Vumilia."

Darasa la tatu ndilo lililomnyima usingizi. Hao hawakuwa na benchi la kuhamia. Basi aliwaigizia Na Lom. Alitoka nje, akavaa miwani aliyoitengeneza kwa waya wa baiskeli, akaingia tena akiwa mimi. "Nani anapiga kelele kwenye darasa langu? Haya, tuone!" Watoto walicheka mpaka wakaanguka, lakini kila mmoja alipaswa kusimama mlangoni, kukunja mikono kifuani na kusema kwa Kilao kilichonyooka, "Samahani mwalimu, naomba ruhusa niingie darasani." Akikosea anarudia, akilia anafutwa machozi halafu anarudia.

Kisha wiki ya mwisho alikuwa akiwateremsha. Nilikuwa nikiwaona kwa mbali, mstari wa watoto wenye udongo mwekundu hadi magotini, yeye mbele. Walilala Na Lom, na kesho yake walisimama mlangoni kwangu mmoja mmoja, wakaomba ruhusa, wakaingia, wakakaa na wanafunzi wangu asubuhi nzima. Mchana, wote wakafungua vikapu vyao vya wali wa kunata. Watoto wetu, kama kawaida yao, wakaanza uchokozi.

"Nyie watu wa juu, mbona miguu yenu inanuka moshi?"

"Na yenu inanuka tope la nyati," akajibu mmoja wa Huay Som, upesi, kwa Kilao safi.

Darasa zima likaangua kicheko, na waliotaniana wakawa wanachovya pilipili moja. Chanhom alikuwa amekaa pembeni akijifanya anaangalia paa. Jibu lile alikuwa amelifundisha kwa wiki tatu.

Ungedhani kazi kama hiyo ingezaa matunda. Haikuzaa. Septemba walikuja wawili, watatu, mwaka mmoja wanne, wavulana tu, na mpunga ukiiva walikuwa wamekwisha kuondoka wote. Mmoja alikimbia kwa kumkumbuka bibi yake. Mwingine kibanda kilimwangukia mvua ikinyesha. Mwingine aliishiwa mchele akaona haya kuomba, akalala njaa siku kadhaa kabla sijajua, na nilipojua alikuwa ameshapanda mlima. Wasichana hawakuja kabisa. Niliwafuta kwenye daftari la mahudhurio mmoja baada ya mwingine, na nilikuwa nikikasirika kila mara, sijui nikimkasirikia nani.

"Chanhom, mdogo wangu," nilimwambia, "unatwanga maji kwenye kinu."

"Ndiyo, dada," akasema. "Lakini kinu ninacho. Nisipotwanga nikifanyie nini?"

Ndivyo alivyokuwa. Huwezi kugombana naye, atakukubalia kila neno halafu ataendelea.

Halafu akatokea Sivon.

Sivon alikuwa binti wa Khamsene, mtu mtaratibu anayefuga nguruwe na kusuka mikeka. Msichana mwembamba, masikio makubwa, hasemi sana. Lakini kichwa! Chanhom aliniletea daftari zake Na Lom nizione. Alikuwa anapiga hesabu za darasa langu akiwa bado la tatu, amejifunza kwa kusikiliza tu Chanhom akijiandalia masomo. Nilivua miwani, kwa furaha safari hii, nikasema mtoto huyu nitamkalisha dawati la mbele, mimi mwenyewe nitampa chumba jikoni kwangu akitaka.

Na kitu kilichomtia Chanhom wazimu wa matumaini ni kwamba Khamsene alikubali. Alikubali mbele ya watu, kwenye sherehe ya mwaka mpya, akiwa na mrija wa mtungi wa pombe mdomoni lakini hajalewa. Wanawake wa Huay Som wakasikia. Wakasema, wa Khamsene akienda, na wetu wataenda. Kulikuwa na wasichana wengine watano kwenye darasa la pili na la kwanza ambao mama zao walisema hivyo. Khamsene akakata mianzi ya kibanda, akailaza chini ya nyumba ikauke. Chanhom akatoa sketi yake mwenyewe ya kufuma, ile sin ya buluu ya shule aliyovaa chuoni, akaipunguza kiuno na pindo, akampa Sivon.

Kila kitu kilikuwa juu ya mtoto yule mmoja. Mimi nilijua, Chanhom alijua, na nadhani mtoto mwenyewe alijua pia, maana alipokuja wiki ya mwisho na wenzake, sauti yake ilikuwa ndogo sana pale mlangoni. "Samahani mwalimu," akasema, "naomba ruhusa niingie darasani." Akasema yote bila kosa. Akaingia akakaa, akaikunja ile sin magotini, na asubuhi yote hakugeuza shingo.

Wakati wa kurudi, mvua ilikuwa imenyesha huko juu na kijito kimejaa. Chanhom aliwavusha mmoja mmoja akiwashika mkono. Katikati, Sivon akateleza. Alizama mara moja tu, Chanhom akamvuta nywele akamtoa, akakohoa, basi. Lakini alipofika nyumbani hakula. Usiku aliweweseka, mchana akakaa kwenye ngazi akitazama mbele kama mtu anayesubiri mgeni. Siku zikapita. Ukimuuliza kitu alijibu, ila ulikuwa kama unaongea na nyumba ambayo wenyewe wametoka.

Watu wa Huay Som hawahitaji kuambiwa maana yake. Roho ya mtoto ilishtuka, ikabaki kijitoni. Hata sisi wa bondeni tunaijua habari hiyo, tunafungana nyuzi mikononi kuishika roho isiondoke, kwa kila safari na kila msiba. Na Chanhom, kwa mapenzi yake, ndiye aliyewaendea wazazi na kusema: tumwitie roho yake, tumfunge nyuzi, aanze darasa jipya akiwa mzima. Kuku nitatoa mimi.

Alitoa jogoo mwekundu, kuku wake mzuri kuliko wote. Akanitumia ujumbe nipande nikashuhudie, kwa kuwa mimi ndiye nitakayempokea mtoto. Nikapanda. Nilitukana kila jiwe la njia ile, lakini nilifika.

Aliyeita roho alikuwa Babu Phan, mzee mfupi mcheshi, macho yake yote mawili yamefunikwa na ukungu mweupe. Alinishika mkono akaupapasa.

"Huyu ndiye mwalimu mwenye miwani?"

"Ndiye, babu," Chanhom akajibu.

"Niazime basi. Pengine nitaona ulivyo mzuri."

"Ukiniona utajuta, babu, mimi ni mzee."

"Ah, mbona sauti inadanganya!" Nyumba nzima ikacheka, na hata Sivon akatabasamu kidogo. Nakumbuka tabasamu lile kwa sababu tulilisubiri sana.

Ikaanza. Babu Phan alimpaka mtoto damu ya jogoo magotini, akaita kwa Kikhmu, na Chanhom akanitafsiria sikioni: Roho ya Sivon, rudi. Usikae kwenye maji, maji ni baridi. Usikae kwenye mianzi, kuna miiba. Usikae Na Lom chini ya meza ya mwalimu, atakukanyaga. Watu wakacheka tena. Jogoo akachemshwa. Alipoiva, mama yake Sivon akaleta sahani yenye kichwa na miguu.

Kwa kawaida mzee mwenyewe ndiye huitazama miguu. Vidole vikijikunja pamoja, roho imekubali, njia iko wazi. Kidole cha kati kikijitenga na kugeukia nyuma, njia imefungwa, asiende. Lakini macho ya Babu Phan hayakuona tena, na vidole vyake vilikuwa na ganzi ya uzee. Akageuza uso kutafuta sauti.

"Chanhom yuko wapi? Mjukuu wangu, wewe ndiye niliyekufundisha. Nitazamie, uniambie vimekaaje."

Watu wengine mle ndani walikuwa wanaona sahani, lakini walimtazama Chanhom, sio kuku. Mimi niliona miguu ya kuku wa kuchemsha, basi, kama ile ya sokoni. Chanhom akainama. Akatazama. Akaugeuza mguu mmoja, akautazama tena, akachukua wa pili. Nikaona sikio lake linakuwa jekundu.

"Niambie, mjukuu."

"Kidole cha kati kimejitenga, babu," akasema. "Kimegeuka nyuma."

"Mguu gani?"

"Yote miwili."

Mama yake Sivon aliketi polepole kama mtu aliyeambiwa ashushe mzigo. Babu Phan akatikisa kichwa, akauliza tena kwa upole kama ana hakika, naye akasema ana hakika. Khamsene akakohoa.

"Dada Mwalimu," akasema, "mimi nilikuwa tayari. Mianzi ile pale chini, kila mtu ameiona. Lakini kuku umeleta wewe, na kusoma umesoma wewe. Sasa mimi nifanyeje?"

"Pikeni kuku mwingine!" nikasema. Nilishindwa kujizuia. "Nitamnunua mimi, hata wawili!"

Babu Phan akanigeukia, hana utani tena. "Mwalimu, ukimuuliza mtoto swali akakujibu, unamuuliza tena mpaka akujibu unavyotaka? Roho imesema. Tutauliza mwakani, mpunga ukishavunwa mara moja."

Wakamfunga Sivon nyuzi nyeupe mikononi, lakini maneno ya kufungia yalikuwa mengine sasa. Kaa nyumbani. Tulia kwa mama yako. Mtoto alikuwa amevaa ile sin ya buluu kwa ajili ya siku hiyo. Alitazama nyuzi, akamtazama Chanhom, akauliza kitu kwa Kikhmu.

"Kasema nini?" nikauliza.

"Anauliza kama hesabu aendelee nazo," Chanhom akasema.

Nilimlipukia njiani, aliponisindikiza. Sioni haya kusema hivyo, nilikuwa na hasira za mwaka mzima.

"Ungesema vidole viko sawa! Mzee haoni! Nani angejua?"

"Mimi, dada."

"Wewe mmoja! Mtu mmoja tu! Na wale wasichana watano nyuma yake?"

"Na siku kijito kikijaa, naye anavuka peke yake, nani atakuwa anajua? Mimi huyo huyo."

"Kwa hiyo kweli unaamini miguu ya kuku? Wewe uliyesoma chuo? Sisi bondeni tunatazama, ndiyo, lakini tukitaka kwenda sokoni tunakwenda."

Akasimama. Alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetemeka. "Mwaka shangazi aliponijia, nilikuwa nimemzika mama yangu juzi tu. Nilikataa kushuka. Babu Phan akanitazamia kuku. Vidole vilikuwa vimekumbatiana kama mkono wa mtoto aliyelala. Ndiyo maana nilishuka. Miaka yote kule Na Lom nikiitwa mnuka moshi nilikuwa najiambia, njia yangu iko wazi, kuku alisema. Sasa dada, nimkubali kuku wangu nimkatae wake?"

Nikashuka mlima peke yangu. Nilipofika kijitoni maji yalikuwa yamepungua hadi kifundoni, yanapita tu kama hayajafanya kitu, na nikayatukana nayo.

Septemba ile nililiacha dawati la mbele wazi. Najua ni upumbavu. Chanhom aliteremka na mvulana mmoja, mpwa wa Babu Phan, naye alivumilia mpaka mpunga ulipoiva, akaondoka. Nikamwuliza Chanhom habari za Sivon. Roho imerudi, akasema, anakula, anacheka. Hiyo kwa kweli ndiyo iliyoniuma zaidi, kwamba kuku wao alifanya kazi.

Matumaini yote yakabaki kwa mwakani. Na msimu wa baridi Babu Phan akafa. Alilala mchana akiwa na mrija mkononi, hakuamka. Niliposikia nilimlilia, maana alinichekesha, kisha nikakumbuka swali letu nikalia upya. Nani atauliza tena? Huay Som nzima hakuna mwingine anayejua kusoma miguu isipokuwa Chanhom, na Chanhom hawezi kumwulizia mtoto ambaye anataka kwa moyo wote aende. Hata angeuliza, vidole vikija vizuri nani angemwamini? Mwenyewe asingejiamini. Mlango ulifungwa, na funguo akaenda nazo mzee kaburini.

Mvua za kwanza zikaja, wiki ya mwisho ikafika, na sikuona mstari wa watoto wenye udongo mwekundu. Nilisubiri siku ya kwanza, ya pili. Wanafunzi wangu nao waliuliza, "Mwalimu, watu wa juu mwaka huu hawaji?" Jumamosi nikafunga wali wangu kwenye kikapu nikapanda mwenyewe.

Huay Som wanasoma Jumamosi mwaka ukikaribia kuisha, kufidia siku za kupanda mpunga. Nilipita kwa Khamsene kwanza. Mianzi ya kibanda ilikuwa imekuwa zizi la nguruwe, zizi zuri, imara. Mama yake Sivon alikuwa amekaa kwenye ngazi na mtoto mchanga, akanikaribisha kwa furaha ya kweli, akanipa machipukizi ya mianzi ya kuchemsha. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu mbaya. Ningempata hata mmoja wa kumchukia ningepumua.

Nikaenda shuleni, nikasimama mlangoni. Chanhom alikuwa anafundisha. Amekonda. Darasa la kwanza lilikuwa kwenye mabenchi ya la pili, kwa hiyo hilo alikuwa analifanya bado, na mtoto mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake msumari. Lakini upande wa dirishani darasa la tatu walikuwa wananakili kutoka ubaoni kimya kimya, na ile miwani ya waya ilikuwa imening'inia ukutani ina utando wa buibui.

"Hukuwaleta," nikamwambia.

"Mama zao wamekataa hata kuja kutembea tu, dada. Wanaogopa kijito. Wanasema kama roho ya Sivon ilishikwa, za watoto wao ndizo zitaachwa?"

"Na kuniigiza? Umeacha?"

Akacheka kidogo, kwa heshima tu. "Niwatishe bure na mtu ambaye hawatamwona?"

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa nimekifikiria njia nzima, kwamba nitahamia mimi huku juu, kwamba nitaomba wilayani wafungue darasa la nne hapa, maneno ya namna hiyo. Nilishawahi kuyaomba. Nilijua jibu lake na yeye alijua kwamba ninajua. Basi nikabaki nimesimama pale pale mlangoni, na kikapu changu cha wali begani, nikiwa nimeziba njia.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Alikuwa Sivon, ametoka kuteka maji ya darasa, ndoo mkononi. Amerefuka. Ile sin ya buluu ilikuwa imepanda hadi katikati ya ugoko. Alikuwa hapo kwa sababu hana pa kwenda. Anarudia darasa la tatu, anakaa na wadogo zake, anamsaidia Chanhom kufuta ubao, na mama yake akimwita kwenda kumbeba mtoto anakwenda.

Aliponiona aliganda. Kisha akaweka ndoo chini, taratibu isimwagike. Akakunja mikono kifuani, akanyoosha shingo, akanitazama usoni kama alivyofundishwa.

"Samahani mwalimu," akasema kwa Kilao kisicho na kosa hata moja, "naomba ruhusa niingie darasani."

Chanhom ndani akaacha kuandika, chaki ikiwa bado imegusa ubao. Watoto wote wakageuka.

"Ingia, mwanangu," nikasema.

Nikampisha. Akachukua ndoo yake, akapita mbele yangu, akaenda kukaa dirishani kwenye benchi la darasa la tatu.